Kamodeli kaliitangulia ndege kubwa

Leo historia kidogo. Wengi mnadhani modeli za ndege zisizo na injini ni mchezo wa watoto tu. Siyo kweli! Mwaka 1804 Mwingereza George Cayley alifunga kishada kwenye fimbo kikawa bawa, nyuma akaweka mkia wa kurekebishwa, akarusha. Ikapaa. Mwaka 1853 ndege yake kubwa ikabeba mtu. Redio ilichelewa: mwaka 1937 ndio mapacha wa Marekani, Walter na William Good, waliongoza Guff, modeli ya injini. Siku hizi hata zisizo na injini zinaongozwa kwa redio, zikipandishwa na hewa inayopanda. Walimu watarajiwa wenzangu, ndege ya karatasi darasani tusiwahi kuichana. Au mnasemaje?