Mwenyeji

Kompyuta pepe, ile inayoendeshwa kama programu ndani ya nyingine, mafundi huiita mgeni. Iliyoibeba ni mwenyeji. Neno limekaa pazuri: mwenyeji ni mwenye mji, anayejua njia za kutokea.

VirtualBox, usipoigusa mipangilio yake, huanza na mtandao wa aina ya NAT. Mgeni hupewa anwani 10.0.2.15 na hutoka kwenda intaneti kwa jina la mwenyeji. Akimtaka mwenyeji mwenyewe, hupiga hodi 10.0.2.2. Mwenyeji naye hawezi kumwendea mgeni chumbani mpaka mlango uelekezwe, mathalani 2222 wa kwake uingie 22 wa mgeni. Kwetu anayebisha hodi ni mgeni. Hapa mwenye nyumba ndiye anayesimama kizingitini.

Ukichagua mtandao wa daraja badala ya NAT, mgeni hupata anwani yake kwenye ruta, kama jirani aliyehamia mtaani. Hapo, kwa maoni yangu, jina la mgeni halimkai tena: siku ya tatu imefika na jembe keshapewa. Lakini mwenyeji abaki mwenyeji. Enyi mnaoandika “hosti”, neno lipo, tena la zamani, litumieni.