Mshipa wa Fahamu Ukikatika

Panga likimkata mtoto mkononi, kidonda chaweza kupona na vidole vikabaki na ganzi, kwa kuwa mshipa wa fahamu umekatika ndani.

Mwaka 1850 Augustus Waller alichunguza vyura, akaonyesha kuwa nyuzi zilizo mbele ya mkato hufa. Zile za upande wa mwilini huchipua tena, kama milimita 1 kwa siku, zikipata njia. Mshipa ukishonwa kwa kuvutwa, haushiki vizuri. Mwaka 1972 Hanno Millesi wa Austria alieleza namna ya kuziba pengo kwa kipande cha mshipa wa mguuni.

Kwa hivyo, mguse mtoto ncha za vidole. Asiposikia, mwambie daktari mapema. Msuli uliokosa mshipa muda mrefu hunyauka, wala haurudi.