Radiamu ya Shinkolobwe na vipimo vya marubani

Mgodi wa Shinkolobwe, kilomita 20 hivi magharibi mwa mji wa Likasi katika mkoa wa Haut-Katanga, Kongo, ulitoa sehemu kubwa ya radiamu iliyouzwa duniani kuanzia miaka ya 1920 hadi Vita Kuu ya Pili. Nyingi ilikwenda hospitalini kutibu saratani. Nyingine ilichanganywa katika rangi ya kung'aa iliyopakwa kwenye namba na mishale ya vipimo vya ndege, ili rubani aone usiku yuko juu kiasi gani, anakwenda kasi gani na ameelekea wapi. Habari za vipimo hivyo kwa kawaida husimuliwa kuanzia viwanda vya Marekani na Ulaya. Lakini malighafi yenyewe ilitoka ardhini Katanga, na hapo ndipo pa kuanzia.

Madini ya urani yaligunduliwa Shinkolobwe mwaka 1915 na Robert Rich Sharp, Mwingereza aliyekuwa akiitafutia madini kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Uchimbaji ulianza mwaka 1921, Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha. Likasi wakati huo ulikuwa mji mchanga wa shaba. Wabelgiji, waliokuwa watawala, waliuita Jadotville kwa heshima ya Jean Jadot, mmoja wa vigogo wa kampuni hiyo, na jina la Likasi likarudishwa rasmi mwaka 1966. Utajiri wa mawe ya Shinkolobwe uliwashangaza wataalamu. Migodi ya Colorado, iliyokuwa ikiongoza, ilichimba mawe yenye urani kidogo mno, ilhali hapa yalipatikana mawe ambayo zaidi ya nusu ya uzito wake ilikuwa oksidi ya urani. Madini kadhaa yaliyokuwa hayajulikani kwa sayansi yalielezwa kwa mara ya kwanza kutokana na mawe ya hapo, na mengine yakapewa majina ya watu wa elimu ya mionzi: kiuriti kwa Pierre Curie, sklodowskiti kwa Marie Sklodowska Curie, bekereliti kwa Henri Becquerel. Mawe bora yalichambuliwa kwa mkono, na wachambuzi walikuwa wafanyakazi Waafrika. Majina yao hayamo katika istilahi hizo.

Kwa reli na meli mawe yalifika Olen, karibu na Antwerp, ambako kiwanda kilitoa radiamu yake ya kwanza mwishoni mwa mwaka 1922. Gramu moja hupatikana katika takribani tani tatu za urani, ndiyo maana bei yake ilikuwa ya kutisha: zaidi ya dola 100,000 kwa gramu kabla ya Wabelgiji kuingia sokoni. Walipoingia, bei ilishuka hadi karibu dola 70,000, na wazalishaji wa Marekani wakafunga. Kwa miaka kumi hivi Ubelgiji haukuwa na mshindani wa maana, hadi Kanada ilipoanza kusafisha madini ya Great Bear Lake mwaka 1933. Mwaka 1938 pande hizo mbili zikakubaliana kugawana soko.

Rangi yenyewe ilikuwa rahisi kutengeneza. Chumvi ya radiamu kidogo sana ilichanganywa na unga wa salfidi ya zinki na gundi. Radiamu hutoa mionzi bila kukoma. Kila chembe ya mionzi ikigonga fuwele ya zinki, fuwele hutoa mmweko mdogo wa mwanga, na mimweko hiyo ikiwa mingi jicho huona mng'ao mmoja wa kijani. Haihitaji betri wala kuwekwa juani kwanza. Kwa ndege za enzi hizo, ambazo umeme wake ulikuwa wa kubahatisha, faida hiyo ilikuwa kubwa.

Ili kuielewa vizuri ni lazima kulifikiria jicho la rubani. Jicho huchukua karibu nusu saa kuzoea giza kikamilifu, na mwanga mkali wa sekunde chache huuharibu uzoefu huo wote. Rubani aliyewasha taa nyeupe kusoma altimita, yaani kipimo cha mwinuko, aliiona altimita, lakini alipoinua macho nje hakuona kilima wala mstari wa upeo wa macho. Taa hiyo pia ilirudi machoni mwake kutoka kwenye kioo cha kipimo na cha dirisha. Rangi ya radiamu ilitoa mwanga hafifu, mahali panapohitajika tu: kwenye namba na kwenye ncha ya mshale. Naiona kuwa suluhisho la akili sana, na inauma kwamba ndilo lililoua watu.

Wa kwanza kujulikana kuwa wamekufa kwa ajili yake hawakuwa marubani. Walikuwa wasichana wa viwandani, hasa Orange, New Jersey, na Ottawa, Illinois, waliofundishwa kuchongoa brashi kwa midomo ili waweze kuchora namba ndogo kwa usahihi. Mwili huipokea radiamu kama kalisi na kuihifadhi mifupani. Taya zilioza, damu ikadhoofika, uvimbe wa saratani ukafuata. Grace Fryer na wenzake wanne waliishtaki kampuni ya U.S. Radium mwaka 1927, na shauri likamalizwa kwa maafikiano mwaka uliofuata. Sabin von Sochocky, mwanakemia aliyebuni rangi hiyo ya kampuni, alikufa mwaka 1928 kwa ugonjwa wa damu uliotokana na mionzi. Kutokana na masaibu ya wasichana hao, Marekani iliweka mwaka 1941 kikomo cha radiamu inayoruhusiwa kubaki mwilini mwa mfanyakazi: sehemu moja ya kumi ya mikrogramu. Kikomo kilikuja kwa wakati, maana vita vilikuwa vikidai vipimo vya ndege kwa maelfu.

Katika Kongo yenyewe usafiri wa anga ulianza kwa kuukwepa usiku. Shirika la ndege la Ubelgiji, Sabena, lilipofungua safari za kawaida kati ya Brussels na Léopoldville (leo Kinshasa) mwaka 1935, ndege iliruka mchana, na jioni abiria walilala njiani. Safari ilichukua siku kadhaa. Baada ya vita mambo yalibadilika. Katika miaka ya 1950 jeshi la anga la Ubelgiji lilifungua shule ya marubani katika kambi ya Kamina, kaskazini-magharibi mwa Likasi, likitumia ndege za Harvard, aina inayojulikana kwa vipimo vyake vyenye rangi ya kung'aa. Kufikia wakati huo mbinu nyingine zilikuwa zimeongezwa: taa za mionzi ya urujuanimno zilizoamsha rangi bila kumulika chumba kizima, na taa nyekundu, kwa kuwa seli za jicho zinazoona gizani haziathiriwi sana na wekundu. Hata taa nyekundu ilikuwa na kasoro yake. Mistari myekundu ya ramani ilipotea chini yake.

Lakini kipimo kinachoonekana si lazima kisomeke. Mwaka 1947 wanasaikolojia Paul Fitts na Richard Jones wa jeshi la anga la Marekani walikusanya masimulizi ya makosa 270 ambayo marubani walifanya au kushuhudia katika kusoma vipimo. Hawakuwauliza ni nani mzembe. Waliuliza kipimo kilikuwa kimechorwaje. Mkosaji mkuu alionekana kuwa altimita ya mishale mitatu: mrefu wa mamia ya futi, mfupi wa maelfu, na mdogo kabisa wa makumi ya maelfu. Ndege ikiwa imesimama katika uwanja wa Luano, Lubumbashi, ulio karibu futi 4,300 juu ya usawa wa bahari, mshale mrefu huelekea 3, mfupi huwa umeipita 4 kidogo, na ule mdogo haujafika nusu ya njia kuelekea 1. Rubani aliyechoka, katika mtikisiko wa mawingu ya masika, anatakiwa kuijumlisha mitatu hiyo kwa kutupa jicho mara moja. Ung'ae using'ae, akiukosea mshale mfupi amepoteza futi elfu. Aprili 1958 ndege ya Viscount ya shirika la ndege la BEA ilianguka karibu na Prestwick, Uskoti, baada ya rubani kuisoma vibaya altimita yake kwa futi 10,000. Wote watano waliokuwamo walinusurika.

Miaka mitatu baadaye swali hilo hilo la kusoma altimita lilifika jirani na Katanga. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961 ndege ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, iligonga miti ikijiandaa kutua Ndola, iliyokuwa Rhodesia wakati huo, huku wanajeshi wa Ireland wa Umoja wa Mataifa waliokuwa Jadotville wametoka tu kusalimu amri. Tume ya Rhodesia ililaumu marubani kwa kushuka chini mno. Umoja wa Mataifa haukukubali kufunga shauri kwa sababu hiyo, na uchunguzi umefunguliwa tena katika miaka ya karibuni. Altimita ni sehemu moja tu ya shauri hilo, na tume kuwatupia lawama marehemu ni jambo jepesi mno.

Altimita ya mishale mitatu ilipisha zile zinazoonyesha maelfu kwa tarakimu zinazozunguka ndani ya kidirisha, na kuanzia miaka ya 1980 vioo vya elektroniki vikachukua nafasi: anga ya buluu juu, ardhi ya kahawia chini, mwinuko ukiteremka pembeni kama utepe wa namba. Radiamu ilikuwa imeshaachwa, nafasi yake ikishikwa na promethi na tritiamu, ambazo mionzi yake ni dhaifu zaidi.

Kuachwa hakukumaanisha kwisha. Fuwele za zinki huchakaa kwa miaka kadhaa na mng'ao ukafifia, lakini nusu ya radiamu yenyewe hubaki baada ya miaka 1,600. Kipimo cha zamani kisichong'aa kinaweza bado kutoa mionzi na gesi ya radoni, kwa hiyo fundi wa ndege za kale hapaswi kukifungua bila kifaa cha kupimia. Katika ufuko wa Dalgety Bay, Uskoti, mwaka 1990 iligunduliwa radiamu iliyotokana na vipimo vya ndege vilivyochomwa na kufukiwa baada ya vita, na usafishaji ulikamilika miongo kadhaa baadaye.

Shinkolobwe nayo ilifungwa mwaka 1960, mashimo yake yakazibwa kabla ya uhuru. Wachimbaji wa mkono waliingia tena miaka ya 1990, na Januari 2004 Rais Joseph Kabila aliamuru eneo lifungwe. Hawakuondoka wote: Julai mwaka huo sehemu ya mgodi iliporomoka na kuua watu wasiopungua wanane, na Umoja wa Mataifa ukatuma ujumbe kupima hatari. Wachimbaji hao walichokuwa wakikitafuta humo ni kobalti.