Ratiba ya Nani? Saa za Baa na Kudumaa kwa Pool ya Kulipwa Jijini Nairobi

Meza za pool zimeenea Nairobi, kuanzia River Road katikati ya jiji hadi Westlands, Kangemi na Kawangware. Hata hivyo, kijana mwenye kipaji bado hapati njia ya kuufanya mchezo huu kazi ya kumlisha. Lawama hutupiwa uhaba wa wafadhili. Makala hii inashikilia kwamba uhaba huo ni matokeo, na chanzo ni ratiba isiyo na mwenyewe.

Tuanze na saa. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 iliruhusu baa kuuza kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na kuanzia saa 8 mchana wikendi na sikukuu. Kwa kuwa meza nyingi zimo ndani ya baa, saa za pombe zimekuwa saa za mchezo. Jumamosi, ambayo mwandaaji huitegemea, ndiyo siku ya ligi ya Uingereza: mechi za saa 9 alasiri kule huanza saa 11 au 12 jioni hapa, na baa hujaa mashabiki wa soka. Aidha, mara nyingi meza ni mali ya mtu mwingine anayegawana mapato na mwenye baa. Kila mechi ya mashindano humkosesha mwenye meza sarafu za wateja wanaolipia kila mchezo. Sheria hiyohiyo huwazuia walio chini ya miaka 18 kuingia baa, kwa hiyo mchezo hauna chipukizi. Corona iliudhihirisha udhaifu huu: baa zilipofungwa mwaka 2020, meza zilizokuwa ndani nazo zilifungiwa.

Ratiba dhaifu huzaa mizozo. Waandaaji wawili wakiitisha mashindano Jumamosi moja, wachezaji hugawanyika, orodha ya ubora hupoteza maana, na mfadhili huona nusu tu ya ushindani aliougharimia. Soka ya Kenya iliyapitia haya mwaka 2015, shirikisho la FKF na kampuni ya KPL zilipovutana na kuanzisha ligi kuu mbili sambamba. Pool ya dunia nayo haikusalimika: mvutano wa shirikisho la WPA na kampuni ya Matchroom kuhusu idhini ya mashindano uliwaweka wachezaji katika hatari ya kufungiwa kwa sababu ya kucheza tu. Katika hali zote mbili, wakubwa waligombea kalenda na mchezaji akaumia.

Kenya haikosi chombo cha usuluhishi. Sheria ya Michezo ya 2013 iliunda afisi ya Msajili wa Michezo pamoja na Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo. Lakini Jopo husikiliza hasa rufaa dhidi ya maamuzi ya mashirika ya kitaifa na ya Msajili. Mizozo mingine hulifikia pande zote zikikubaliana. Mwenye meza, mwenye baa na mwandaaji wasio na mkataba wowote hubaki nje ya mlango huo. Ndiyo maana kila kanuni ya mashindano inapaswa kuwa na kifungu cha kukubali mamlaka ya Jopo kabla mzozo haujazuka.

Wapo watakaosema kwamba baa ndiyo iliyoulea mchezo huu, na kuutoa humo ni kuuua. Hoja hiyo ina uzito, ila hakuna anayelazimika kuutoa. Ligi ichezwe jioni za Jumatatu na Jumanne, biashara inapopoa. Mwenye meza alipwe kiwango maalumu kwa saa anazozipoteza. Fainali na mafunzo ya vijana vihamie kumbi za kijamii za kaunti. Kalenda moja itiwe saini na wote kabla ya msimu, na isibadilishwe bila ridhaa yao. Mfadhili hatatia fedha katika tarehe asizoweza kuziamini, wala mchezaji hawezi kuacha ajira kwa ajili ya tarehe hizo. Wanaojiita viongozi wa pool Nairobi wapimwe kwanza kwa jambo hili: je, tarehe walizotangaza zimeheshimiwa?