Friwili

Mafundi baiskeli huita friwili ile gia ya gurudumu la nyuma inayolia tiktiktik ukiacha kukanyaga. Neno ni la kukopa, lakini kazi yake ina kitenzi chetu kizuri: kuserereka. Mteremkoni unapumzisha miguu, baiskeli inajiendea.

Sasa iondoe friwili, gia ikazwe moja kwa moja kwenye gurudumu. Gurudumu likizunguka na pedeli zinazunguka, utake usitake. Ndivyo Waingereza wengi walivyoshindana zamani katika mbio za kupambana na saa, ambamo kila mmoja huondoka peke yake, dakika moja nyuma ya mwenzake. Agosti 1956 mmoja wao, Ray Booty, alimaliza maili 100 (kilomita 161) kwa saa 3, dakika 58 na sekunde 28, wa kwanza kushuka chini ya saa nne katika mbio hizo, kwa gia ya namna hiyo. Kila mzunguko wa pedeli ulimsogeza kama mita 6.7. Piga hesabu: mizunguko kama 24,000, bila hata mmoja wa kupumzika!

Tuiiteje gia hii? "Gia ya kudumu" inadanganya, maana nyumbani hubadilishwa kwa spana. Bora "gia isiyoserereka", hata kama jina ni refu.