John Woolman na Kuwapenda Watu Wote

Siku moja, katika somo la amri ya kumpenda jirani, kijana mmoja wa darasa langu alisimama akaniuliza, "Mwalimu, yuko mtu aliyepata kuishi hivyo, akiongozwa na kuwapenda watu wote pasipo kubagua? Au ni maneno ya shuleni tu?" Sikuweza kumjibu mara moja. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Na hata mgeni tunayempokea kwa furaha, siku ya tatu hupewa jembe. Upendo wetu una mipaka yake, nasi twaijua. Basi nalitafuta jibu katika historia, maana historia hushuhudia mambo yaliyotendeka, wala si yale tunayotamani yatendeke.

John Woolman alizaliwa mwaka 1720 katika New Jersey, mojawapo ya makoloni ya Waingereza huko Amerika. Wazazi wake walikuwa wa Jamii ya Marafiki, ndio Wakristo wale ambao wamishenari wao walifika Kaimosi, Kenya, mwaka 1902. Marafiki walifundisha kwamba nuru ya Mungu imo ndani ya kila mtu, wala hawakushika silaha. Lakini siku zile wengi wao walikuwa na watumwa, watu wa Afrika na wazao wao, wala hawakuona kwamba mafundisho yao na nyumba zao havipatani.

Woolman alipokuwa na umri wa miaka kama 22 alikuwa karani wa dukani katika mji wa Mount Holly. Bwana wake alikuwa na mwanamke mtumwa, akamwuza, akamwambia Woolman aandike hati ya mauzo, na mnunuzi yu papo hapo akingoja. Moyo wake ukamchoma. Lakini alikuwa mtu wa kuajiriwa, na mnunuzi alikuwa mzee wa Jamii ya Marafiki, basi akaandika. Hata hivyo akawaambia wote wawili kwamba aonavyo yeye, kumiliki watumwa hakupatani na dini ya Kristo. Maneno yake yalikuwa mema, lakini hati ilikwisha andikwa, na mwanamke yule akaenda zake na bwana mpya.

Tangu hapo Woolman hakuona tena kwamba upendo ni jambo la moyoni tu. Aliona kwamba umo hata katika kalamu. Watu walipomwendea awaandikie wosia wa kuwarithisha watoto wao watumwa, alikataa kwa upole, ijapokuwa kazi ile ilimpa fedha na wenyewe walikuwa majirani zake. Mmoja wao, aliyekuwa ameumia sana, aliandikiwa wosia wake wote isipokuwa sehemu ile ya mtumwa. Wakazungumza, na mwisho mtu yule akakubali kumwacha mtumwa wake huru.

Kisha akatazama kila kitu kilichopita mikononi mwake. Duka lake mwenyewe lilipostawi mno, alilipunguza hata akaliacha, akabaki na kazi ya kushona nguo na shamba lake la matunda. Aliacha kula sukari, kwa kuwa ililimwa na watumwa katika visiwa vya West Indies. Alivaa nguo zisizotiwa rangi, akisema rangi huficha uchafu tu. Na baadhi ya rafiki zake wakamwona mtu wa ajabu. Katika safari zake za kusini, alipolala katika nyumba za wenye watumwa, aliacha fedha kwa ajili ya wale waliomtumikia, ili asile jasho lao bure.

Msomaji aweza kuuliza, Je, huyu alifaulu kuishi kwa upendo tupu? Hasha; wala yeye mwenyewe hakujisifu hivyo. Zamani aliwahi kuwa msimamizi wa mirathi pamoja na mtu mwingine, wakauza utumishi wa mtoto mweusi mpaka atimize miaka 30, ambapo vijana wengine walifunguliwa kazini wakiwa na miaka 21. Miaka mingi baadaye jambo hili likamsumbua. Akafanya hesabu: mtoto ameongezewa miaka tisa, wasimamizi walikuwa wawili, basi nusu ya deni ni yangu. Akaandika hati ya kujifunga kumlipa bwana wa kijana yule thamani ya miaka minne na nusu ya mwisho, ili asiitumikie. Kalamu iliyokosa ndiyo hiyo iliyotengeneza.

Mwaka 1772 alisafiri kwenda Uingereza. Alikataa chumba kizuri cha melini, akalala chini pamoja na mabaharia, akayaona mateso yao. Huko Uingereza alikwenda kwa miguu, kwa sababu farasi wa magari ya abiria walipigwa mbio hata kufa, na vijana waliowaendesha walitaabika kwa baridi. Alipofika mji wa York akashikwa na ndui, akafa tarehe 7 Oktoba mwaka ule ule, hajatimiza miaka 52.

Je, alifanya kazi bure? Mwaka 1758 mkutano mkuu wa Marafiki katika Philadelphia uliwachagua watu, naye akiwamo, wawaendee wenye watumwa nyumba kwa nyumba na kusema nao. Mwaka 1776, yeye akiwa kaburini, mkutano ule uliamuru kwamba asiyekubali kuwafungua watumwa wake asihesabiwe tena kuwa mmoja wao. Upendo wa mtu mmoja haukutosha kuwafungua. Ilihitajika sheria ya wote. Lakini sheria ile isingalikuja kama wasingalikuwako watu wa kubisha hodi milangoni.

Basi kijana wangu nalimjibu hivi: Sijamwona katika historia mtu aliyewapenda watu wote pasipo kukosa. Nimemwona aliyekosa, akakumbuka, akarudi kulipa. Wahenga walisema, kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Nasi wasomaji hatuwezi kuwafikia watu wote wa dunia. Lakini hati tunayotia sahihi, ujira tunaoutoa, na kitu tunachokinunua kwa bei rahisi, hivyo vyafika kwa watu tusiowaona. Na tuanzie hapo.