Kurasa 58 za Orson Welles

Mwaka 1957 studio ya Universal ilimweka kando mwongozaji Orson Welles, ikahariri filamu yake Touch of Evil bila yeye. Alipooneshwa matokeo, aliandika waraka wa kurasa 58 akiomba, kwa adabu ya kushangaza, marekebisho ya picha na sauti. Mengi yalipuuzwa.

Mwaka 1998 mhariri Walter Murch aliihariri upya filamu hiyo akiufuata waraka huo. Tazama mwanzo: gari lenye bomu linapita mji wa mpakani kwa zaidi ya dakika tatu, picha haijakatwa. Majina ya waigizaji na watengenezaji yaliyoifunika awali yameondolewa. Muziki wa Henry Mancini nao umepisha sauti za mtaani: redio ya gari, na kila klabu na wimbo wake.

Welles alifariki 1985.